Funguo Zilizoanguka Mara Mbili

Funguo zilianguka mara mbili. Mara ya kwanza nilizisikia zikigonga sakafu ya simiti, nikainama, nikaziokota, nikazirudisha kwenye kiganja cha mume wangu na kuvikunja vidole vyake juu yake. Zilipoanguka mara ya pili ndipo nilipokumbuka maana yake.

Naandika haya kwa sababu nimesoma ushauri mwingi kuhusu mapenzi ya amri na utii, na karibu wote umeandikwa na watu ambao, ukiwasikiliza, hawajawahi kukosea. Mimi nilikosea, na sikukosea kwa kutojua. Kanuni zote nilizijua. Nyingine nilizitunga mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Kwetu ni Mumias. Mume wangu ni mtu wa Siaya, msimamizi wa mjengo. Tangu saa moja asubuhi anaamuru mafundi, vibarua na madereva wa lori za mchanga. Akisema zege limwagwe, linamwagwa. Akisema ukuta ubomolewe, mtu anachukua nyundo bila kuuliza. Jioni anarudi sauti imemkauka, na ukimuuliza ale ugali au wali anakwambia, "Amua wewe." Miaka mingi nilidhani ni uvivu wa kujibu.

Mwaka 2019 tulikuwa na miaka minane ya ndoa. Watoto walikuwa ushago kwa bibi yao, nasi tukaenda Dunga kula samaki. Akawa anachambua miiba ya ngege kwa muda mrefu kuliko samaki mwenyewe alivyostahili. Kisha akaniita kwa Kijaluo, binti wa Mumias: "Nyar Mumias, kuna kitu nimekificha tangu kabla hatujaoana."

Moyo ulinishuka tumboni. Niliwapitia kichwani wanawake wote wa mtaa wetu, mmoja mmoja, nikingoja jina. Jina halikuja. Alichosema ni kwamba angependa, tukiwa chumbani, mimi ndiye niwe mwenye amri. Apige magoti nikimwambia apige magoti. Asiseme mpaka apewe ruhusa. Afungwe mikono. "Nataka mahali pamoja duniani," akasema, "ambapo mimi siye ninayejua kinachofuata."

Nilicheka. Kilikuwa kicheko cha woga, lakini yeye alikisikia kama kicheko tu, na ilimchukua wiki mbili kurudia mazungumzo yale. Huku kwetu mwanamume akionekana anaanua nguo za watoto, majirani wanasema amekaliwa chapati. Nami kabla ya harusi shangazi yangu alinikalisha kitako siku tatu: mume hajibiwi akiwa na hasira, mume hapewi mgongo, chakula cha mume hakipelekwi na mtoto. Katika siku tatu zile hakufika penye somo la kumwambia mume apige magoti.

Nilimuuliza, sikuficha, kama ni ugonjwa. Akaangalia chini. "Wewe unaonaje?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi, nikawa nasoma kwenye simu usiku. Nilikuta kwamba mwaka ule ule, 2019, Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, ya 11, iliyokuja kuanza kutumika Januari 2022. Orodha ya 10 iliyotangulia ilikuwa imeyaweka mambo haya kati ya magonjwa ya akili. Ile mpya inayaacha nje yakiwa ni kati ya watu wazima waliokubaliana. Nilipomsomea, alikaa kimya, akavuta pumzi, akaniuliza kama nimelipia bando la intaneti au nimetumia lake.

Sikumkubalia siku hiyo. Nilikubali mwaka uliofuata, wakati wa korona. Machi 2020 serikali ilitangaza marufuku ya kutoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, mjengo ukasimama, shule zikafungwa na sare zikakosa mnunuzi. Tukajikuta na jioni ndefu ambazo hatukuwahi kuwa nazo. Watoto wakilala, tunatoa daftari langu la vipimo, lile la kifua, kiuno na urefu wa mkono wa wateja, na tunaandika. Ukurasa wake: anachokitaka, asichokitaka kabisa, na kile ambacho hajui. Ukurasa wangu vilevile. Hilo la ukurasa wangu lilimshangaza. Alidhani mwenye amri hana asichotaka. Niliandika: sitampiga kofi la uso, sitamtukania mama yake, sitamwita mwanamke kama tusi, maana mimi ni mwanamke na sijaona tusi liko wapi. Na nikichoka, tunaacha, hata kama yeye hajachoka.

Kuna mambo tuliyaandika bila mjadala. Shingo haifungwi wala haikabwi, kwa kuwa hakuna ufundi wa kufanya hilo ukajua mtu atabaki salama. Pombe ikinywewa, hata chupa moja, hakuna kitu usiku huo. Aliyefungwa haachwi peke yake chumbani, hata kwa muda wa kwenda kuzima jiko. Mambo ya kitambaa nilikuwa na la kusema kuliko yeye: tulitumia leso, zile khanga za kujifunga kiunoni, nikamwonyesha kwamba leso ikikunjwa pana inashika bila kukata, na ikisokotwa inakuwa kamba. Kati ya kitambaa na ngozi vipite vidole viwili. Fundo la pamba likivutwa likapata jasho halifunguki kwa kucha. Kwa hiyo mkasi ukae karibu, na usiwe ule wangu wa kazi wenye ncha. Nilinunua mkasi wa ncha butu kama ule wauguzi wanaokatia bendeji. Leso inakatwa. Leso nyingine zipo sokoni.

Likabaki neno la kusimamisha. Tulijua kwamba "hapana" na "basi" hazifai, kwa sababu mtu anaweza kuzitamka ndani ya mchezo bila kuzimaanisha. Yeye akapendekeza "Ahero", mji ule ambapo barabara ya Kisii inakutana na ya Nairobi. Nikamwuliza kama amesahau lugha ya mama yake. Kwa Kijaluo ahero ni "napenda". Ningemsimamisha kila akinisifu! Tukachagua "Kondele", maana kila mkazi wa Kisumu anajua siku mtaa huo ukiwaka maandamano magari yote yanasimama. Kwa kupunguza mwendo tukachukua "matuta". Na kwa nyakati ambazo hataki kusema, au kinywa hakiko huru, atashika bunda la funguo za nyumba. Akiziachia zikaanguka, ni Kondele.

Nilidhani kuamuru ni kustarehe: unakaa kitini, mwenzio anahangaika. Hakuna kazi iliyowahi kunichosha macho kama ile, hata kushona shanga kwenye gauni la bibi harusi. Unatazama pumzi zake. Unagusa ncha za vidole kama zimepoa. Unapima kimya chake, kama ni kimya cha mtu aliyetulia au cha mtu anayevumilia, na vimya hivyo viwili vinafanana sana. Tena nyumba yetu ni ya kupanga, Manyatta, ukuta mmoja na jirani, kwa hiyo hakuna kupaza sauti. Nilijifunza kuamuru kwa kunong'ona. Ikawa ndiyo bora zaidi. Mtu aliyezoea kelele za mashine ya zege, ukimnong'oneza anasikia kwa mwili mzima. Mvua kubwa za jioni ndizo zilikuwa sikukuu zetu, mabati yakipigwa hivyo hakuna jirani anayesikia lolote.

Yaliyofanyika chumbani ni yetu. Niseme tu kwamba mengi hayakuwa na maumivu yoyote. Mara nyingi ilikuwa ni kungoja. Kumwambia mtu akae hapo, asiguse, angoje, na yeye kungoja kwa furaha. Baadaye alikuwa anatetemeka kidogo kama aliyetoka majini, namfunika blanketi, nampa chai ya tangawizi yenye sukari, namsugua mikono. Siku moja au mbili baadaye anaweza kuwa mnyonge bila sababu, na hata mimi. Wa kwanza kunyong'onyea kwa kweli nilikuwa mimi: nilikaa kwenye cherehani Jumatatu nikijiuliza mke wa aina gani anafurahia mumewe akipiga magoti. Nilimtumia ujumbe. Akajibu, "Yule anayeombwa."

Nilianza kujiona mjuzi. Hapo ndipo pa kuangalia.

Katika chama chetu cha wanawake kuna mwenzetu alikuja siku moja amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Tulijua. Mmoja akatoa ule usemi wa zamani kwamba mume asiyepiga hapendi, na wawili wakacheka. Mwingine, ambaye hujitolea kuwasaidia watu mambo ya sheria, hakucheka. Alitueleza kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema mtu amekubali pale anapochagua mwenyewe, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Akaeleza pia, kwa uchungu, kwamba kifungu cha 43 cha sheria hiyo hiyo kinawaacha nje waliooana kihalali. Ilibidi tungoje sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ndipo ukatili wa kingono ndani ya ndoa utajwe kwa jina.

Nilimtazama yule wa miwani na nikajisemea: huyu hana Kondele. Nyumbani kwake hakuna neno ambalo akilitamka mkono unasimama. Sisi tunalo. Nilirudi nyumbani nimejaa fahari, Mungu anisamehe, kama mtu aliyetoka hospitali kutazama wagonjwa akajishukuru kwa afya yake.

Mwisho wa mwaka 2022 nilikuwa nimeweka akiba ya kununua mashine ya ovaloki, ile ya kushona kingo za kitambaa zisichanike. Nilikuwa nalipa watu wanipigie ovaloki, na kila sare ilinipunguzia faida. Fedha zilikuwa kwenye akaunti tunayoitumia wote wawili. Siku niliyoenda kutoa, nilikuta pungufu ya elfu arobaini. Alikuwa amemtumia kaka yake kununua mabati, nyumba ya kaka ilikuwa imeezuliwa na upepo. Sababu ilikuwa nzuri. Angeniambia ningekubali, nikinung'unika. Hakuniambia.

Sikumgombeza. Hilo ndilo kosa lenyewe. Nilipika, tukala, watoto hawakuwepo, nikamwambia kwa sauti yangu ya kunong'ona aende chumbani angoje. Alinitazama usoni akajua kwamba nimejua. Akaenda.

Nilimfunga mikono nyuma, juu ya viwiko, mahali ambapo sikuwa nimezoea kufunga. Sikupima kwa vidole viwili. Sikuhesabu dakika, lakini ilikuwa zaidi ya nusu saa. Sikumpiga, na kwa siku kadhaa baadaye nilijitetea nafsini kwa hilo, kwamba sikumpiga. Nilimwacha tu apige magoti kwenye simiti, nikakaa kitandani namtazama, na nilichokuwa nahisi hakikuwa mapenzi, wala mchezo. Nilikuwa namlipiza. Funguo zilianguka. Nikaziokota nikamrudishia.

Zilipoanguka tena niliona vidole vyake havikuziachia. Vilikuwa havina nguvu ya kuzishika. Sijui nilivyoufikia mkasi.

Asubuhi kiganja cha kulia kilikuwa kinaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika shina. Aliweza kufumba vidole kidogo, lakini kuinua kiganja hakuweza. Tulipanda boda wawili nyuma ya dereva mmoja, mimi nikiwa nimemshika mkono kama kifaranga. Hospitalini alimwambia daktari kwamba aliulalia mkono. Daktari akasema kuna mshipa wa fahamu unaozunguka mfupa wa mkono wa juu, upande wa nje, na hapo uko karibu na ngozi. Ukibanwa muda mrefu, kiganja kinalala. Akasema huwaona hasa walevi waliosinzia wameegemeza mkono kwenye mgongo wa kiti. "Lakini wewe," akaongeza, "una alama mikono yote miwili."

Kisha akaniomba nitoke nje.

Nilikaa kwenye benchi kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na kijana aliyejeruhiwa na pikipiki. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia daktari akimuuliza mume wangu, taratibu, kama nyumbani yuko salama. Kama kuna anayemwumiza. Nilimsikia mume wangu akicheka kicheko chake cha mjengo, kile cha kumaliza mazungumzo. Daktari hakucheka naye. Akauliza tena. Pale kwenye benchi nilitamani kuingia nikaeleza habari za daftari, za kurasa mbili, za Kondele na matuta. Nikaona kwamba hata ningeeleza yote, swali la daktari lingebaki swali sahihi. Nikamkumbuka yule wa miwani ya jua, na fahari yangu.

Alipewa kibao cha kushikilia kiganja na mazoezi ya vidole. Wiki ya sita aliweza kuinua kikombe cha chai kikiwa kimejaa. Kule mjengo aliwaambia aliulalia mkono, wakamtania kwamba mke wake mzito. Nilivumilia utani huo kama sehemu ya adhabu.

Lakini ya mkono yalikuwa mepesi kuliko mazungumzo. Nilimuuliza, siku ya tatu au ya nne, kwa nini hakusema Kondele. Kinywa chake kilikuwa huru. Akajibu bila hata kufikiri: "Niliona una haki."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi nikiwa kwenye cherehani. Tulikuwa tumefanya kila kitu cha kwenye maandishi. Tulikuwa na neno, tukawa na ishara, tukawa na mkasi. Lakini neno lile lilikuwa linafanya kazi kwa sababu aliyelishika hakujiona na hatia. Usiku ule alikuwa na hatia, kwa hiyo neno lilikuwa mdomoni mwake na hakuona kama ni lake kulitumia. Na mimi nilikuwa nimejipa ruhusa ambayo hakuwahi kunipa kwenye ukurasa wake wowote. Alinikubalia nimwamuru. Hakuwahi kunikubalia nimhukumu. Hata nguo moja haikushonwa usiku ule, mtu angesema kwa lugha ya kibandani kwangu, ilikuwa ni kukata kitambaa kwa hasira.

Wapo wanaosema aliye chini ndiye mwenye mamlaka halisi, kwa kuwa anaweza kusimamisha. Ni maneno matamu na niliwahi kuyaamini. Sasa nayaona ni ya kumpa mwenye amri usingizi. Mwenye amri akisema "si angesema kama anaumia", amelitupa jukumu lake kwa mtu aliyefungwa mikono.

Hatukugusa leso miezi mitatu. Tuligombana kuhusu mabati kama watu wa kawaida, jikoni, taa zikiwaka, kila mtu na sauti yake. Alipiga simu kwa kaka yake mbele yangu. Nililia, naye akalia. Ovaloki niliinunua mwaka uliofuata, ya mtumba.

Tulipoanza tena, yeye ndiye aliyeomba, nami ndiye niliyeogopa. Niliongeza swali moja. Linaulizwa mlangoni, kabla ya kuingia, kila mtu akiwa amesimama kwa miguu yake na mimi nikiwa bado si mwenye amri. "Kuna deni?" Simaanishi fedha peke yake. Ni jambo lolote ambalo mmoja anadaiwa na mwenzake: neno alilolimeza, mzigo wa mama mkwe, ahadi iliyopita siku yake. Likiwepo, hatuingii. Na mimi naulizwa vilevile.

Juzi Jumamosi watoto walikuwa ushago. Wingu lilisimama juu ya ziwa tangu saa kumi, na saa mbili usiku mvua ikashuka, ile ya kupiga mabati mpaka mtu hajisikii akizungumza. Nilikuwa nimepiga pasi leso mbili. Nikasimama mlangoni nikamuuliza, nikipaza sauti kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Kuna deni?"

Alikawia. Akakuna ule mkono wa kulia, siku hizi ana mazoea hayo.

"Lipo," akasema. "Ada ya muhula. Niliahidi Ijumaa iliyopita nikalipe, sijalipa, na sikukwambia."

Nilizitundika funguo kwenye msumari. Nikabandika chai. Tukafungua daftari la vipimo ukurasa mpya, tukaandika kilichoingia na kilichotoka mwezi huo, yeye akitaja, mimi nikiandika, mpaka tukaipata njia ya ile ada. Mvua ilipiga saa nzima na zaidi. Ilikuwa mvua nzuri sana, na hatukuitumia.